Kuongea tu kunabadilishaje ubongo? Jibu kwa mke wa dereva

Msomaji kutoka Umoja, hapa Nairobi, ameniandikia barua ndefu, nami naifupisha. Mumewe ni dereva wa matatu. Mwaka jana majambazi waliojifanya abiria waliteka gari lao usiku, wakampiga risasi kondakta mbele ya macho yake, na kondakta akafa. Tangu siku hiyo mume hapati usingizi, hakaribii steji, na bodaboda ikitoa mlipuko anajitupa chini. Juzi ameanza kumwona mshauri nasaha, ambaye amemwambia kuwa ana PTSD, yaani msongo unaobaki baada ya kiwewe, na kwamba tiba "itabadilisha jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana." Ndugu za mume wanacheka: huo ni ugonjwa wa wazungu, na pesa zinaliwa kwa porojo. Dada anauliza mambo matatu. Ni kweli maneno hubadilisha ubongo? Afanyiwe skani kwanza? Na kama tiba hiyo inagusa ubongo, haiwezi kuuharibu?

Dada, poleni. Pole kwako na kwa baba watoto, na kwa jamaa za kondakta ambao naona kwenye barua yako mngali mnaonana nao kanisani.

Nianze na skani, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuwamaliza pesa wiki hii. Msimpeleke. Mashine ya MRI ya hospitalini hutafuta uvimbe, damu iliyovuja, kiharusi na mambo ya jinsi hiyo. Picha ya mumeo huenda ikatoka safi kabisa, na ndugu zake watapata la kusema: si mnaona, hana kitu. Hakuna skani inayotambua PTSD ya mtu mmoja. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa mahojiano ya mtu na mtaalamu, basi. Utafiti ulio nyuma ya maneno ya mshauri wenu hutumia MRI ya utendaji, ambayo hufuatilia damu yenye oksijeni inavyoongezeka na kupungua katika sehemu za ubongo, kisha huangalia ni sehemu zipi zinapanda na kushuka pamoja. Zikipanda na kushuka pamoja tunasema zimeunganika kiutendaji. Waya hauonekani, wala wazo halionekani. Kinachoonekana ni mwendo wa pamoja, na hata huo hupatikana kwa kulinganisha wastani wa kundi la wagonjwa na wastani wa kundi jingine. Ukimtoa mgonjwa mmoja kwenye kundi, picha yake peke yake haikuambii neno la kutegemea. Akija mtu kukuuzia "ramani ya ubongo" ya mumeo, mpe chai aende zake.

Ila kuna jambo hukulisema. Je, usiku ule alipigwa kichwani? Kama alipoteza fahamu, au sasa kichwa kinamuuma kwa kuzidi kila wiki, anatapika, anapata degedege, au mkono au mguu mmoja umelegea, hapo skani ni lazima, na si ya PTSD, ni ya jeraha la kichwa. Muulize leo.

Sasa maneno na ubongo. Waulize mashemeji zako swali moja: risasi ilimgusa ndugu yao? Haikumgusa. Kilichomwingia ni alichokiona na alichokisikia kwa dakika chache. Hakuna kemikali aliyomeza, hakuna mfupa uliovunjika, na bado mtu aliyezoea kulala kama gogo sasa anaamka saa tisa za usiku akiwa amelowa jasho. Kama macho na masikio vilitosha kuubadilisha ubongo wake kuelekea ubaya, kwa nini iwe miujiza kwamba vinaweza kuuelekeza upande wa pili? Kujifunza kokote, iwe ni kuendesha gari au kukariri ratiba ya mabasi, ni badiliko katika ubongo. Woga nao umejifunzwa. Tiba ni somo jingine, isipokuwa ni somo gumu.

Sehemu za ubongo zinazotajwa sana katika habari hii ni tatu. Ya kwanza ni amigdala, vipande viwili vidogo vyenye umbo la lozi, kimoja kila upande, ndani kabisa usawa wa masikio. Hiyo hupima hatari upesi kuliko wewe kujua umeona nini; ndiyo maana mumeo yuko chini sakafuni kabla hajafikiri neno "bodaboda". Ya pili ni hipokampasi, jirani yake wa nyuma, ambayo hulifunga tukio na mahali pake na wakati wake: lilitokea pale, siku ile, likaisha. Ya tatu ni gamba la mbele la ubongo, hasa eneo la chini katikati, nyuma ya paji la uso. Eneo hilo hupokea ripoti ya amigdala, likaipima na hali ilivyo, na pale ambapo hatari haipo likaituliza.

Fikiria grupu la WhatsApp la ploti yenu. Kuna jirani mmoja kazi yake ni kuandika "WEZI!" kila mlango ukigonga. Kuna mwingine anayekumbuka mambo, ambaye hujibu kwamba kelele hiyo ni ya lori la taka, huja kila Jumanne. Na kuna msimamizi ambaye neno lake likitoka watu hurudi kulala. Baada ya usiku ule, kwa mumeo jirani wa kwanza anaandika mfululizo, wa pili ameacha kuweka tarehe kwenye habari zake, na msimamizi anajibu kwa sauti ndogo au kwa kuchelewa. Hakuna aliyekufa wala aliyehama. Kilichoharibika ni nani anamsikiliza nani. Tiba haimtoi jirani wa kwanza kwenye grupu, na isimtoe, kwa sababu Nairobi wezi wapo kweli. Tiba inamrudishia msimamizi sauti.

Hiyo ndiyo picha ya jumla, na kama picha zote za jumla ina wanaoikataa. Wako wagonjwa ambao kwao mambo ni kinyume. Badala ya kuruka, wanakufa ganzi. Wanaeleza tukio la kutisha kama wanasoma taarifa ya habari, au wanahisi wako nje ya mwili wao. Kwao gamba la mbele huonekana likiibana amigdala kupita kiasi. Kitabu cha Marekani cha kuainisha magonjwa ya akili, kilichoiingiza PTSD mwaka 1980, kiliitambua aina hii ya ganzi katika toleo la 2013. Nakutajia hili kwa sababu ndugu hudhani mtu asiyelia amepona.

Je, ndani ya chumba cha mshauri kunafanyika nini hasa? Inategemea ni tiba ipi, na hapa nataka uwe mdadisi, maana "counselling" kwa Kiingereza cha mtaani ni kikapu kinachobeba kila kitu. Tiba zenye ushahidi mzito kwa PTSD ni zile zinazoligusa tukio lenyewe. Katika tiba ya kukabili, iliyoendelezwa na Edna Foa huko Marekani, mgonjwa husimulia tukio zima kwa wakati uliopo, macho yamefumba, tena na tena, na simulizi hurekodiwa ili aisikilize nyumbani. Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 15. Katika tiba ya kuchakata fikra, ya Patricia Resick, kazi kubwa ni juu ya imani zilizokwama baada ya tukio, na vikao ni 12 hivi. Mumeo, nakisia, ana imani ya namna hiyo: "ningepitia ile barabara nyingine kondakta wangu angekuwa hai." Ipo pia EMDR, ya Francine Shapiro, ambamo mgonjwa hulishika tukio akilini huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu kulia na kushoto. Nayo imo katika mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013, pamoja na tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe. Kama miondoko ya macho yenyewe inaongeza kitu, wataalamu wanabishana mpaka leo. Mimi niko upande wa wanaosema kazi kubwa inafanywa na kule kulikabili tukio.

Angalia kinachotokea anaposimulia. Amigdala inawaka: moyo unakimbia, viganja vinalowa. Lakini safari hii hakuna bunduki. Kuna kiti, kuna dirisha, kuna sauti ya mtu anayemwambia aendelee, na ni saa tano asubuhi. Anafika mwisho wa hadithi akiwa mzima. Kesho anarudia. Ubongo unajifunza jambo la pili kuhusu kumbukumbu ileile: kwamba kuikumbuka si kurudi mle ndani. Tunajua kutokana na miongo mingi ya utafiti, wa wanyama na wa binadamu, kwamba somo hili jipya halilifuti la zamani. Yanakaa mawili pamoja na kushindana, na kazi ya eneo lile la nyuma ya paji la uso ni kulipa nguvu somo la usalama. Tena somo hilo linashikamana na mahali lilipofundishwa. Mtu anaweza kutulia kabisa kliniki, akafika steji akatetemeka upya. Basi usiseme tiba imeshindwa. Ina maana tu kwamba hajafanya zoezi steji.

Ndiyo sababu mshauri mzuri atampa kazi za nje, kwa ngazi. Akae ndani ya matatu iliyoegeshwa mchana, wewe ukiwa kando. Asafiri kama abiria vituo viwili. Asimame steji mpaka woga ushuke wenyewe, asiondoke ukiwa juu. Kiti cha dereva kitakuja baadaye sana. Na mahali penye hatari ya kweli, kwa mfano barabara ileile saa sita za usiku, si zoezi la mtu yeyote.

Kwa upande wa hipokampasi, tiba ninayoipenda zaidi kwa mazingira yetu ni ya simulizi ya maisha, iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Mgonjwa hulaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa, kisha huweka ua pale palipokuwa na jema na jiwe pale palipokuwa na baya. Halafu husimulia kwa mpangilio, na kila akifika kwenye jiwe husimama mpaka harufu, sauti na maumivu ya mwili vipate tarehe, mahali, na kilichotokea kabla na baada. Waanzilishi wake husema kumbukumbu ya kiwewe ni ya moto, imejaa hisia lakini haina kalenda, na tiba huiunganisha na kumbukumbu baridi ya lini na wapi. Mwaka 2008 walichapisha matokeo kutoka kambi ya Nakivale, Uganda, ambako wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa na washauri wasio madaktari, waliopewa mafunzo mafupi, na dalili zikapungua kwa kiasi kikubwa.

Sasa, ushahidi wa ubongo wenyewe. Mwaka 2017 Gregory Fonzo na wenzake walichapisha utafiti ambao wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata tiba ya kukabili mara moja, wengine wakasubiri zamu. Wote walipigwa MRI ya utendaji kabla na baada. Badiliko lililojitokeza lilikuwa wakati wa zoezi la kuitazama picha ya kuudhi na kuipa tafsiri mpya kwa makusudi. Kwa waliotibiwa, eneo la mbele kabisa la gamba la mbele lilifanya kazi zaidi, na uhusiano wake na eneo lile la katikati linalotuliza ukaongezeka. Waliobadilika zaidi hapo ndio waliopungukiwa zaidi na ile hali ya kushtukashtuka. Mwaka mmoja kabla, Anthony King na wenzake walikuwa wameonyesha jambo linalokaribiana kwa askari waliorudi kutoka Afghanistan na Iraq. Baada ya tiba ya kukabili iliyochanganywa na mazoezi ya utulivu wa akili, mtandao wa ubongo unaofanya kazi mtu akizama katika mawazo yake mwenyewe ulishikamana zaidi na mtandao wa kuongoza umakini. Kwa lugha ya nyumbani kwenu: mawazo yakianza kumvuta kwenye lile gari, anaweza kuyashika na kuyageuza.

Si kila utafiti unakubaliana na mwenzake. Baadhi umeona uhusiano wa amigdala na gamba la mbele ukiongezeka baada ya tiba, mwingine umeuona ukipungua. Makundi mara nyingi ni ya watu makumi tu, tiba ni tofauti, na zoezi la ndani ya mashine ni tofauti. Binafsi sishtuki. Kutulizwa kunaweza kuonekana kama mazungumzo mengi zaidi mwanzoni, na machache zaidi mara mambo yakishazoeleka. Ninachokataa ni mtu kusimama mbele ya mgonjwa na kusema kwa hakika kwamba waya fulani umerudi mahali pake. Mshauri wenu alisema kweli kwa ujumla. Kwa mumeo peke yake, hawezi kuona.

Wala usiruhusu neno "ubongo umeharibika" liingie nyumbani. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba watu wenye PTSD wana hipokampasi ndogo, na wengi wakadhani kiwewe ndicho kilichoila. Kisha mwaka 2002 Mark Gilbertson na wenzake wakawapima askari wa vita vya Vietnam pamoja na ndugu zao pacha wa kufanana ambao hawakwenda vitani. Pacha aliyebaki nyumbani naye alikuwa nayo ndogo. Kwa hiyo angalau sehemu ya tofauti ilikuwepo kabla ya vita. Ni udongo mbegu ilipoangukia.

Swali lako la tatu, la madhara. Tiba hii haiuharibu ubongo. Lakini wiki za mwanzo zinaweza kuwa mbaya kuliko zilizopita, na hili washauri wengine hawalisemi mapema, wagonjwa wanakimbia. Ndoto zinaweza kuongezeka, hasira ikawa karibu. Mara nyingi hupungua vikao vinavyoendelea. Vinavyoniogopesha zaidi ni vitu vinavyofanywa pembeni. Pombe ya kutafutia usingizi. Dawa za jamii ya Valium zinazonunuliwa kwa mlango wa nyuma: hutuliza usiku wa leo, lakini miongozo ya PTSD inashauri zisitumike kuitibu, maana hazigusi ugonjwa na kuziacha ni kazi. Kama ameshazizoea asiache ghafla, amwone daktari azipunguze. Na muguka. Najua madereva wa usiku hawapendi kusikia, lakini kitu kinachokimbiza moyo na kufukuza usingizi hakimsaidii mtu ambaye moyo wake unakimbia na usingizi umemkimbia. Tena ni usingizini ndiko ubongo hulihifadhi lile somo la usalama alilolipata mchana.

Zipo pia dawa halali zinazosaidia, kama vile sertralini, na daktari wa akili akipendekeza msikatae. Hazishindani na mazungumzo.

Kuhusu "ugonjwa wa wazungu", wakumbushe tarehe 7 Agosti 1998. Katika miezi iliyofuata bomu la ubalozi wa Marekani, daktari wa akili Mkenya Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883, na takriban asilimia 35 walikuwa na dalili zinazofanana na PTSD. Hawakuwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu, na wengi wa watu wa namna hiyo hupona wenyewe kadiri miezi inavyopita, lakini hao walikuwa watu wa hapahapa, wengine wapanda matatu kama sisi. Tiba nayo imejaribiwa kwetu. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wanawake 421 wa Nairobi: wahudumu wa afya wa jamii waliwapa vikao vitano vya kukabiliana na matatizo, na msongo wao ukapungua kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mwaka 2020 yakaja ya watoto 640 waliofiwa na wazazi, Bungoma na Moshi, waliotibiwa na washauri wasio wataalamu kwa tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, na upande wa Kenya matokeo yalikuwa mazuri zaidi. Kilichobaki cha wazungu ni skani: ubongo uliopigwa picha katika utafiti huu ni wa Wamarekani, Wazungu na Waaustralia kwa wingi mno, tena wengi wao askari. Hilo ni pengo, na ni haki mashemeji zako kulisema.

Cha kufanya wiki hii. Muulize mshauri anatumia tiba gani kwa jina, alifundishwa wapi, na kama amesajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Akijibu kwamba wao "huongea tu" na tukio halitaguswa kamwe, tafuteni mwingine. Anzeni na idara za afya ya akili za hospitali za umma, Mathari ikiwemo. Mwombe pia ampe mumeo lile dodoso la maswali 20 la dalili za PTSD, lenye alama 0 hadi 80, alijaze sasa na kila baada ya wiki mbili. Likishuka kwa pointi 10 au zaidi, jambo la maana linatokea, na hiyo ndiyo skani yenu. Baada ya vikao vinane kama halijasogea, mshauri abadilishe mbinu au awatume kwa daktari wa akili. Na siku yoyote akitamka kwamba bora angekufa yeye badala ya kondakta, usingoje siku ya kikao. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache peke yake njiani.